Mfuko wa Mwanafunzi: Fedha na Ukimya katika Riwaya ya Masomo ya Ugenini

1. Suala lenyewe

Riwaya ya Kiafrika inayomsimulia kijana aliyevuka bahari kwenda kusoma imehakikiwa kwa wingi, lakini imehakikiwa kwa namna moja. Tangu miaka ya 1960 wahakiki wameisoma kama hadithi ya mgongano wa tamaduni: kijana anatoka katika ulimwengu wa wazee wake, anaingia katika ulimwengu wa Wazungu, na nafsi yake inapasuka katikati. Katika madarasa yetu ya fasihi mtazamo huu umekuwa kama mapokeo. Mwanafunzi akiulizwa katika mtihani ni nini kinachomsumbua Samba Diallo au Kocoumbo, atajibu bila kusita kwamba ni mgogoro wa utambulisho, naye atapewa alama zake.

Makala haya hayakusudii kuukanusha mtazamo huo. Yanakusudia kuuliza swali dogo zaidi, ambalo kwa udogo wake limeachwa nje ya mlango: ni nani anayelipa? Chumba analalamo kijana huyo kinalipiwa na nani, na fedha hizo zikikatika, hadithi inaelekea wapi? Tunadai mambo matatu. Kwanza, katika riwaya hizi mfuko mwembamba si mandhari tu. Ndio unaoamua mwanafunzi ataweza kuzungumza na nani, na ataweza kuwaeleza nini watu wa nyumbani. Pili, pale riwaya inaponyamaza kuhusu fedha, ukimya huo nao ni sehemu ya maana yake, na unastahili kusomwa. Tatu, ukimya huo haubaki kitabuni. Unarithiwa na familia, nao humgharimu yule anayefuata kusafiri.

Tutapitia kazi sita: L'Aventure ambiguë ya Cheikh Hamidou Kane (1961), Dramouss ya Camara Laye (1966) pamoja na L'Enfant noir iliyoitangulia (1953), Kocoumbo, l'étudiant noir ya Aké Loba (1960), Le Baobab fou ya Ken Bugul (1982), na Bleu Blanc Rouge ya Alain Mabanckou (1998). Mwishoni tutaitazama riwaya moja ya Kiswahili, Mbali na Nyumbani ya Adam Shafi (2013), ili tuone lugha yetu inatoa nini katika mjadala huu.

2. Bakuli la Samba Diallo

Riwaya ya Kane ndiyo inayofundishwa zaidi, na kwa haki. Samba Diallo ni mtoto wa ukoo mtukufu wa Wadiallobé. Anasomeshwa Kurani na mwalimu Thierno, kisha anapelekwa katika shule ya Wafaransa, na hatimaye Paris, anakosoma falsafa. Anarudi baada ya baba yake kumwita kwa barua, na anauawa na mtu aliyerukwa na akili, karibu na kaburi la mwalimu wake. Msomaji akitafuta katika sehemu ya Paris ni kiasi gani cha fedha ambacho Samba Diallo anapokea kila mwezi, au chumba chake kinagharimu nini, hatapata jibu. Kijana huyu anajadili Pascal na Descartes, anakaribishwa mezani kwa familia ya Lucienne, anazungumza na mzee Pierre-Louis na wanawe. Njaa aliyo nayo ni njaa ya roho.

Hata hivyo, haifai kusema kwamba Kane haujui umaskini wa mwanafunzi. Anaujua vizuri sana, ila ameuweka mahali pengine. Katika sehemu ya kwanza wanafunzi wa Thierno wanapita mlango hadi mlango wakiwa wamevaa matambara, wakiomba chakula cha siku na kuwakumbusha wenye nyumba habari za kifo. Samba Diallo, ingawa amezaliwa katika nyumba ya wakubwa, anaomba pamoja na wenzake. Jambo hilo linamuudhi shangazi yake, yule Grande Royale, kwa sababu anaona mtoto wa ukoo wake akidhalilishwa. Lakini ndani ya mpango wa mwalimu, kuomba ni somo. Mwanafunzi anajifunza kwamba hana kitu, na mwenye nyumba anajifunza kwamba alicho nacho si chake milele. Anayetoa na anayepokea wote wawili wanafaidika.

Hapa ndipo usomaji wa mfuko unapotufungulia jambo ambalo usomaji wa nafsi peke yake haukulionyesha. Kwa Wadiallobé, ufukara wa mwanafunzi una mahali pake katika jamii, una saa yake, una maneno yake, na una mlango wa kugonga. Paris hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Bakuli limetoweka na hakuna kilichoshika nafasi yake. Tukilisoma pengo hilo tunaelewa kwamba Samba Diallo hakupoteza sala tu. Alipoteza pia namna halali ya kuwa mhitaji. Kane hakuliandika hilo waziwazi. Hata hivyo muundo wa kitabu chake, wenye bakuli upande mmoja na ukimya upande wa pili, unatuelekeza huko.

3. Ramani mfukoni

Camara Laye anatoa mfano wa kipekee, kwa kuwa safari moja ameiandika mara mbili. L'Enfant noir inakwisha kijana akiwa ndani ya ndege, akiiacha Gine. Anapapasa mfuko wake na kukuta kitu kinene: ni ramani ya metro ya Paris. Wahakiki wameisifu sana picha hiyo ya mwisho, wakaiona kama ishara ya dunia mpya. Sisi tunaongeza jambo moja la wazi: mfukoni mna ramani, wala msomaji haambiwi kama mna fedha. Mfuko unatajwa ili kuonyesha mwelekeo, wala si uwezo. Kitabu kinafungwa pale pale ambapo hesabu ingeanza.

Hesabu hiyo ilianza kuandikwa miaka 13 baadaye, katika Dramouss. Fatoman, ambaye ni mwendelezo wa mtoto yule, amemaliza mafunzo yake ya ufundi Argenteuil na anataka kuendelea mbele, lakini ufadhili hauendelei. Hapo riwaya inabadilika sauti. Tunasoma habari za kodi ya chumba iliyolimbikizwa, siku za tumbo tupu, kazi ya kubeba mizigo katika soko kuu la Les Halles, na kazi ya kiwandani Simca. Maisha ya mwandishi mwenyewe yalipita katika njia hizo hizo.

La kuzingatia kifani ni mahali simulizi hili lilipowekwa. Sehemu ya Paris inasimuliwa kwa mbinu ya kurudi nyuma, baada ya Fatoman kuwa amekwisha kurejea Gine. Njaa haikusimuliwa ilipokuwa ikiuma. Inasimuliwa mtu akiwa amefika salama, akiwa na kazi na mke. Mbinu hii ni zaidi ya urembo wa fani. Inaonyesha sharti la kijamii: aliyeko ugenini hana ruhusa ya kusema kwamba ana njaa, na aliyerudi ndiye anayeruhusiwa kusema kwamba aliwahi kuwa na njaa. Umaskini unakubalika ukiwa umepita. Kwa sababu hiyo mdogo wake, anayejiandaa kuondoka leo, hausikii kamwe kwa wakati unaofaa.

4. Jembe la siku ya tatu

Aké Loba, mwandishi wa Cote d'Ivoire, hakungoja mhusika wake arudi ndipo aseme. Kocoumbo, l'étudiant noir, iliyopata tuzo kuu ya fasihi ya Afrika Nyeusi mwaka 1961, inamfuata kijana wa kijiji cha Kouamo hatua kwa hatua. Anafika Ufaransa akiwa mtu mzima wa miaka ishirini na moja, anaketishwa darasani pamoja na watoto, kwa maana elimu aliyokuja nayo haitoshi. Baadaye anaingia Paris, fedha zinaisha, anakuwa kibarua wa kiwandani, anakutana na Denise, mfanyakazi mwanachama wa chama cha kikomunisti, ambaye kifo chake kinamwangusha zaidi. Anashuka mpaka chini kabisa. Mwishoni anapanda tena, anahitimu sheria, anarudi kwao akiwa hakimu.

Mtu mwenye fedha anaweza kununua muda. Huu ndio ufunguo wa riwaya hii. Kocoumbo alihitaji miaka ya ziada ili aifikie elimu ya wenzake, na miaka hiyo inahitaji mlipaji. Akosaye mlipaji huuza saa zake kiwandani, na saa alizouza ndizo zile zile alizozihitaji kwa kusoma. Kwa hiyo kadiri anavyofanya kazi ili abaki mwanafunzi, ndivyo anavyopungua kuwa mwanafunzi. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika methali hiyo jembe ni heshima: mgeni amekuwa mwenyeji, anashiriki kulima chakula anachokula. Jembe la Kocoumbo halimfanyi mwenyeji. Analima bila kukaribishwa.

Kando yake Loba amemweka Durandeau, mwanafunzi wa jina tu, mwenye maneno mengi na mavazi mazuri, anayeishi kwa kuwadanganya wenzake. Wahakiki wamemwona kama kielelezo cha Mwafrika aliyejikana. Kwa macho yetu yeye ni mtu aliyeielewa biashara ya ukimya. Anajua kwamba wanafunzi wenzake wanaona aibu kukiri uhaba wao, na kwamba nyumbani hakuna atakayeuliza maswali. Ulaghai wake hauwezi kusimama bila aibu ya wenzake.

Dosari ya riwaya hii iko mwishoni. Kuinuka kwa Kocoumbo kumeharakishwa. Kurasa zilizokuwa zikihesabu kila siku ya dhiki zinageuka kuwa muhtasari wa ushindi. Loba, aliyekuwa na ujasiri wa kuonyesha shimo, hakutuonyesha ngazi. Msomaji anayetaka kujua jinsi mtu anavyoweza kusoma sheria huku akidaiwa kodi anaachwa na matumaini bila maarifa. Hapo riwaya inajiunga na desturi ya familia: matokeo yanatangazwa, gharama zinafichwa.

5. Pale ambapo mfuko si mtupu

Ili tusije tukafanya fedha kuwa maelezo ya kila kitu, inatupasa kuitazama Le Baobab fou. Ken Bugul, mwandishi wa Senegali, anasimulia habari za msichana anayekwenda Ubelgiji kwa ufadhili wa masomo. Hivyo mwanzoni hana tatizo la ada. Hata hivyo masomo yanamponyoka, anaingia katika dawa za kulevya na ukahaba wa Brussels, na hatimaye anarudi kijijini kwenye mbuyu wake.

Kitabu hiki kinaweka mpaka kwa hoja yetu, na vilevile kinaiongezea uzito. Kinaweka mpaka kwa sababu jeraha la msimulizi linatangulia safari: ni jeraha la mtoto aliyeachwa na mama yake. Ufadhili hauwezi kuliponya. Kinaiongezea uzito kwa sababu kinatuonyesha kwamba mwanamke mwanafunzi anakutana na fedha kwa njia ambayo Samba Diallo, Fatoman na Kocoumbo hawakukutana nayo. Mwanamume mweusi aliyeishiwa anatakiwa auze nguvu za mikono yake. Mwanamke mweusi, hata kabla ya kuishiwa, anatazamwa kama bidhaa, na mtazamo huo una bei. Ken Bugul aliyasema haya kwa nafsi ya kwanza, katika lugha isiyofunika kitu. Waliomlaumu kwa kukosa haya walikuwa, kwa kiasi kikubwa, wakimlaumu kwa kuvunja ukimya ambao wanaume waliomtangulia waliuheshimu.

6. Mkono mtupu haulambwi

Kufikia mwaka 1998, Alain Mabanckou wa Kongo-Brazzaville aligeuza upande wa pili wa jambo hili. Mhusika wa Bleu Blanc Rouge, Massala-Massala, hakwenda Ufaransa kusoma. Alikwenda kwa sababu alimwona Moki akirudi likizo na mavazi yake na maneno yake, na aliiona nyumba nyeupe iliyojengwa mtaani kwa jina la Moki. Lakini mwanafunzi yumo kitabuni, naye yumo kama kichekesho. Moki anawagawa watu walioko Ufaransa katika makundi mawili: yuko Mparisi, mtu wa mavazi na fahari, na yuko yule anayeitwa Mshamba, ambaye kwa kawaida ni mwanafunzi, anaishi mikoani, anasoma miaka mingi, na akirudi hana cha kuonyesha.

Mgawanyo huu unatoa hukumu ambayo riwaya za miaka ya 1960 hazikuthubutu kuitoa. Mtaa unapima safari kwa kile kinachoonekana mkononi. Mkono mtupu haulambwi. Mwanafunzi maskini ameleta shahada, lakini shahada haivaliwi, wala haigawiwi kwa wajomba na mashangazi uwanjani. Kwa hiyo anashindwa hata akifaulu. Mparisi naye anafaulu mpaka siku ukweli unapojulikana: Massala-Massala anajikuta akilala na umati wa watu katika jengo lisilo lao, akitumia majina yasiyo yake, akiuza tikiti za metro zilizonunuliwa kwa hundi za wizi, mpaka anafungwa na kurudishwa kwao.

Turudi kidogo kwa Camara Laye. Mwaka 1953 kijana wa Kiafrika alikuwa na ramani ya metro mfukoni, na kitabu kilifungwa kwa matumaini. Mwaka 1998 kijana mwingine ana tikiti za metro mfukoni, nazo zinampeleka gerezani. Hatudai kwamba Mabanckou alikusudia kumjibu Camara. Tunachosema ni kwamba msomaji akiviweka vitabu hivi bega kwa bega anauona mfuko ule ule ukijazwa na historia. Anaona pia gharama ya ukimya: Massala-Massala asingeingia katika mtego laiti Moki angesema jinsi anavyolala.

7. Maneno ya Kiswahili, na njia ya Adam Shafi

Sisi tunaosoma riwaya hizi kwa Kifaransa na kuzijadili kwa Kiswahili tuna faida ambayo hatujaitumia. Lugha yetu ina msamiati wa zamani na wa kina kuhusu msafiri na mahitaji yake. Ina neno masurufu, yaani fedha na vyakula vya matumizi ya safari, ambavyo mtu hapaswi kuondoka bila kuviandaa. Ina nauli, posho, karadha, kudunduliza na kujibana. Maneno haya hayana aibu ndani yake. Anayeuliza "una masurufu gani?" hamtukani msafiri, anamtendea kama ndugu.

Kinyume chake, neno tunalolitumia rasmi leo, ufadhili, linatoka katika fadhila. Anayepokea anakuwa mfadhiliwa, na mfadhiliwa anadaiwa shukrani. Tunajua methali isemavyo: mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, mfadhili binadamu atakuudhi. Hivyo katika neno lenyewe mna shaka juu ya anayepewa. Tukimwita mwanafunzi mfadhiliwa tumekwisha kumweka mahali ambapo hawezi kusema kwamba alichopewa hakitoshi. Waliozoea kusema burse katika mazungumzo ya kawaida ya Lubumbashi wanakwepa mzigo huo bila kujua, kwa maana asili ya neno hilo katika Kifaransa ni mfuko wa fedha, basi.

Riwaya ya Adam Shafi inaonyesha kinachowezekana pale msamiati huo unapofanya kazi. Mwandishi wa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli ameandika katika Mbali na Nyumbani habari za kitawasifu za kijana anayeondoka Zanzibar, enzi za ukoloni, akitaka kusoma Ulaya. Hana ndege inayomngoja wala barua ya kupokelewa. Anakwenda kwa nchi kavu kuelekea kaskazini, akipita Sudani hadi Misri, katika njia iliyotumiwa na vijana wengi wa Afrika Mashariki wa wakati ule, kwa sababu Kairo ya Nasser iliwapokea na ilikuwa mlango wa kuelekea vyuo vya nchi za kijamaa.

Tofauti kati ya kitabu hiki na vile vya Kifaransa ni ya muundo. Kwa Kane, Camara na Loba safari ni kurasa chache na chuo ndicho kitabu. Kwa Adam Shafi safari ndiyo kitabu. Upungufu wa fedha haumfikii kijana baada ya kuwasili. Unaamua tangu hatua ya kwanza kwamba atapita wapi, atakaa siku ngapi, atamtegemea nani. Mfuko mwembamba unairefusha njia, na njia ndefu inamfundisha. Aidha, uhitaji unasemwa kwa sauti, hata kwa mzaha, kama mambo ya vijana. Hatudai kwamba kina uzito wa kifalsafa wa Kane. Hakina, wala hakiutafuti. Lakini msomaji wake anatoka akijua kitu kuhusu bei ya elimu, na anakijua bila kufundishwa kuona haya.

8. Kwa nini tusome hivi, na kwa nini sasa

Huenda mtu akatupinga akisema kwamba riwaya si daftari la mhasibu, na kwamba kuuliza kodi ya chumba cha Samba Diallo ni kukishusha kitabu kikubwa. Pingamizi hili lina nguvu, nasi tunalikubali kwa sehemu. Hakuna hesabu itakayoeleza kifo cha Samba Diallo. Lakini kusoma nafsi bila mfuko nako kuna hatari yake. Kunawafanya wahusika wetu waonekane kama watu wanaoumwa na Ulaya kwa sababu tu wao ni Waafrika, ilhali wengine wao wanaumwa kwa sababu hawajala. Anayelitaja tatizo la chakula kwa jina la tatizo la utamaduni anamwondolea mwenye chakula wajibu wake.

Kwetu Kongo suala hili lina historia. Koloni lilichelewa mno kufungua elimu ya juu: Lovanium ilianza mwaka 1954, na chuo cha Elisabethville kikafuata mwaka 1956. Baada ya uhuru wa 1960 milango ya ng'ambo ilifunguka kwa mashindano, Ubelgiji, Marekani, Urusi ya Kisovieti na wengine wakitoa nafasi kwa vijana. Mwanafunzi wa wakati ule aliondoka kama mtu wa serikali. Kisha njia hiyo ikasinyaa. Baada ya wanafunzi kushambuliwa katika kampasi ya Lubumbashi usiku wa Mei 11, 1990, Ubelgiji ilisimamisha ushirikiano wake na Zaire, na taifa lenyewe likaingia katika miaka ya kuporomoka. Tangu hapo kwa walio wengi mlipaji amekuwa familia: likelemba ya mama, kiwanja kinachouzwa, mjomba aliyeko Kolwezi. Na bei haikungoja. Ufaransa ilipoweka mwaka 2019 viwango vipya vya ada kwa wanafunzi wasio wa Ulaya, ilitaja euro 2,770 kwa mwaka wa lisanse na euro 3,770 kwa masta, huku mwanafunzi wa Ulaya akilipa euro 170 na 243. Vyuo vingi vilitumia mamlaka yao kusamehe tofauti hiyo, lakini si vyote.

Kijana anayeondoka leo kwa fedha za likelemba hayuko katika hali ya Samba Diallo. Yuko karibu zaidi na Kocoumbo na Fatoman, na barabarani yuko karibu na kijana wa Adam Shafi. Lakini tukimpa Samba Diallo peke yake, tunamfundisha kutafuta chanzo cha dhiki yake ndani ya nafsi yake. Atakapoishiwa katika mwezi wa nne, ataona aibu kama kwamba ameikosea Afrika. Hataandika nyumbani. Au ataandika kwamba yote ni heri, na barua hiyo itasomwa mbele ya mdogo wake.

Mapendekezo yetu kwa wenzetu wa idara ni machache. L'Aventure ambiguë ibaki katika mtaala, lakini isifundishwe bila Kocoumbo au Dramouss pembeni yake, na sehemu ya bakuli isomwe kwa uzito ule ule wa mazungumzo ya falsafa. Le Baobab fou iingizwe, kwa maana nusu ya wanaotusikiliza ni wasichana. Mbali na Nyumbani isomwe katika masomo ya Kiswahili kama mshiriki kamili wa mjadala huu wa Afrika nzima. Na watafiti wetu vijana wakusanye simulizi za wale waliokwenda na kurudi, pamoja na hesabu zao, wakiziandika kwa Kiswahili cha watu wanaojua maana ya masurufu.

Fasihi haimlipii mtu kodi ya chumba. Lakini inaweza kumpa maneno ya kuitamkia dhiki yake kabla haijawa siri, na ikishatamkwa, walioko nyumbani wataweza kujua wanamtuma nani, wapi, na kwa kiasi gani.